Kusogeza shokapu za nyuma ili tairi pana iingie: maswali ninayoulizwa kila nikipaki

Kila nikiisimamisha hii Datsun mahali, iwe kwa waosha magari Sinza hapa Dar au kwa muuza madafu Coco, lazima mtu achuchumae nyuma aanze kuchungulia, af anyanyuke na swali. Maswali yenyewe ni yaleyale. Nimeyaandika hapa ili nikiulizwa nimpe mtu asome huku mi nakunywa dafu langu.

Kwani hiyo gari ni ipi na ulifanya nini hasa?

Datsun 1200 ya 1972, injini A12 ile ya cc 1171, nyuma ekseli moja ngumu juu ya springi za bapa, yaani vile vyuma vilivyolaliana kama kwenye pikapu. Ila ekseli sio ya kwake. Mwenye gari kabla yangu alipachika ya gari jingine, na katika kupachika akazifunga shokapu kwa nje ya springi, upande wa tairi, kwenye sikio alilochomelea kwenye pleti ya yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi. Kwahiyo usije ukachungulia Datsun ya mwenzio ukasema mbona haiko hivi, ya kwangu ni mchanganyiko kama ngogwe na dagaa. Nilichofanya ni kuzitoa hapo nje nikazileta ndani ya springi, nikazitengenezea mahali papya pa kushika juu na chini.

Mimi nataka tairi pana tu, ni lazima nisogeze shokapu?

Asilimia kubwa ya mnaoniuliza, hapana. Naomba hili mlielewe kabla hamjamwita fundi mwenye grinda.

Tairi ikiongezeka upana na ofseti ya rimu (umbali kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka ule uso unaofungwa na nati) ikabaki ileile, nusu inaenda ndani na nusu inaenda nje. Ukitoka 155 kwenda 185 umeongeza mm 30, ina maana mm 15 zimeingia ndani na mm 15 zimetoka kuelekea kwenye madigadi. Sasa kama nje una nafasi ya kumwaga, tafuta rimu yenye ofseti ndogo zaidi kwa mm 10, gurudumu zima litasogea nje mm 10 na shokapu haitaguswa na mtu. Hiyo ni kazi ya kununua rimu, sio kazi ya kukata gari. Mi nilisogeza kwasababu nje nilikuwa nimebanwa, madigadi ya 1200 ni membamba na sikutaka kuyapanua, gari ikishapanuliwa madigadi kwa nyundo hairudi tena.

Na upime upana wa ubavu wa tairi, sio sehemu inayokanyaga chini. Ile 185 ni mm 185 kwenye ubavu, tena kwenye rimu ya kipimo chake. Ukiivalisha kwenye rimu pana zaidi kwa nusu inchi, inavimba kama mm 5 hivi. Vitu vidogo, ila vikijumlishana ndo vinakula mpira.

Mbona tairi zako pana lakini gari haijanyanyuka?

Kwasababu kimo hakijabadilika. Zamani ilikuwa 155/80 kwenye rimu 12, hiyo ukipiga hesabu kimo chake ni mm 553 kasoro kidogo. Sasa hivi nina 185/60 rimu 13, hiyo ni mm 552. Spidomita haijui kama kuna kitu kimetokea. Kwa wenye gari za rimu 13 zilizokuja na 165/80, ukivaa 195/60 rimu 14 unabaki palepale, mm 594 kwa mm 590. Chukua kalamu upige mwenyewe: upana mara asilimia, zidisha mara mbili, jumlisha rimu kwa mm 25.4 kila inchi.

Nitajuaje kinachogusa ni shokapu na sio kitu kingine?

Sabuni ya mche. Sitanii. Kata vipande vya unene wa mm 10, bandika kwenye ubavu wa shokapu unaoangalia tairi, bandika kwenye kona ya pleti ya springi, bandika ndani ya madigadi, af pakia watu wanne uende ukapande matuta, na utafute mahali pa wazi ukate kona kushoto na kulia kwa mwendo wa kawaida. Rudi uangalie sabuni gani imekwanguliwa. Ukipima gari imesimama kwenye sakafu ya gereji unajidanganya, kwasababu springi za bapa zinayumba pembeni kwenye kona, ekseli inasogea kidogo, na ubavu wa tairi nao unajikunja.

Ya kwangu ikiwa imesimama, kati ya tairi na shokapu palikuwa na mm 21 na tairi za 155. Toa 15, zinabaki 6. Mimi nikiona chini ya mm 15 silali usingizi.

Si uweke spesa tu?

Spesa, kile kipande cha chuma kinachokaa kati ya rimu na inapofungwa, inasukuma gurudumu nje, kwahiyo kama nje hakuna nafasi haikusaidii chochote, tunarudi kulekule. Na kama nafasi ipo, hakikisha nati bado zinakamata nyuzi za kutosha. Nimeona gari Tabata ina spesa ya kukatwa kwa tochi ya gesi na nati zimeshika nyuzi tatu. Tatu! Na jamaa anashuka nayo Kimara.

Haya, nimepima na ni shokapu kweli. Niipeleke wapi?

Kwa gari za springi za bapa sehemu nzuri ni upande wa ndani wa springi, karibu nayo kadri inavyowezekana bila kugusana. Chini inashika kwenye mabano mapya yanayotoka kwenye ekseli au kwenye pleti ya springi, juu inashika kwenye bomba la chuma linalovuka kutoka chesisi ya kushoto mpaka ya kulia. Hilo bomba ndo roho ya kazi nzima, ntalisemea mbele.

Ukishaitoa shokapu pale nje, anayefuata kukugusa ni springi yenyewe na kona za pleti yake. Mimi nililikata lile sikio nikapata kama mm 45 mpaka kwenye kona ya pleti. Hiyo ni nyingi, na nimeiacha hivyohivyo, sina mpango wa 205.

Cheki pia eksozi, paipu ya breki, kamba ya hendibreki, na propela shafti. Ndani kule kuna msongamano kama Mbagala saa kumi na moja jioni.

Nikiilaza shokapu kuna shida gani? Naona gari nyingi zimelala.

Kulala kidogo haina noma. Kulala sana unabaki na shokapu jina. Kazi inayoifanya kwenye gurudumu inapungua kwa kosaini ya pembe ikijizidisha yenyewe, sasa usikimbie, namba zenyewe ni hizi: ikiinama digrii 10 kutoka wima imebaki na asilimia 97 ya nguvu yake, digrii 20 asilimia 88, digrii 30 asilimia 75, digrii 45 nusu. Nusu! Umenunua shokapu mbili umepata moja. Ndo maana mtu anatoboa tundu jipya chini, juu anaacha palepale, shokapu inalala kama mgonjwa, af anasema shokapu za siku hizi feki. Shokapu nzima, umeilaza wewe.

Sogeza juu na chini pamoja. Ya kwangu nimeishia digrii 15.

Mimi nimeziweka wima kabisa ila ndani, na bado gari inalewalewa kwenye kona. Kwanini?

Hili ndo swali ninalolipenda na karibu hakuna fundi aliyeniambia mapema, nilijua baada ya kuiendesha gari.

Magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, haijalishi shokapu iko ndani au nje, ekseli inapanda sawasawa na shokapu inafanya kazi yake yote. Lakini gari ikilala upande mmoja kwenye kona, bodi inazunguka juu ya ekseli kama mzani wa sokoni, na shokapu iliyo karibu na katikati inasogea kidogo tu na nguvu yake ina mkono mfupi. Inapungua mara mbili, kwa hiyo unachukua umbali mpya ugawe kwa wa zamani, af uzidishe jibu kwa lenyewe. Zamani kutoka shokapu mpaka shokapu nilikuwa na mm 1000. Sasa nina 760. Hiyo ni 0.76 mara 0.76, yaani karibu 0.58. Nimepoteza asilimia 42 ya uzuiaji wa kuyumba bila kubadilisha shokapu hata moja.

Niliisikia siku ya kwanza tu, kwenye mzunguko nilipozungusha usukani kurudi upande wa pili gari ikachelewa kutulia, ikabembea mara mbili. Mke wangu akaniuliza, umeitengeneza au umeiharibu?

Dawa: usisogeze ndani kuliko unavyohitaji, kila sentimita ina gharama, na tafuta shokapu ngumu kidogo. Mimi niliweka zinazorekebishika, nikaanza na ugumu wa chini nikapanda kidogokidogo. Ila ujue ukizikaza kwa ajili ya kona, matuta nayo utayasikia zaidi, kwasababu kwenye matuta hukuwa umepoteza kitu. Huwezi kula vyote.

Urefu wa shokapu nauchaguaje?

Usiende kwa wauza spea wa Gerezani na shokapu ya zamani mkononi ukasema nataka kama hii. Ukishahamisha sehemu za kushikia, ile ya zamani haihusiki tena.

Toa shokapu zote mbili. Nyanyua gari kwa chesisi, weka stendi, acha ekseli ining'inie, ila iwekee kitu cha kuishikilia usije ukakata paipu ya breki. Pima kutoka tundu la juu mpaka la chini, huo ndo urefu mkubwa. Af shusha, pakia mzigo mpaka ile raba ya kugongea iminywe kabisa. Sisi tuliweka mifuko minne ya saruji kwenye buti, hizo kilo 200, halafu tukajeki ekseli upande mmoja mpaka raba ikalia. Pima tena. Hapo una namba mbili, kubwa na ndogo. Nikatafuta shokapu inayofunguka zaidi ya ile kubwa na kufunga chini ya ile ndogo kwa angalau mm 20 kila upande, nikapata. Haikuwa ya Datsun wala ya kitu chochote kinachofanana na Datsun. Muuzaji aliniangalia kama nimechanganyikiwa, nina tepu na nampimia shokapu za pikapu moja baada ya nyingine.

Raba ndo izuie ekseli, sio shokapu. Shokapu ikifika mwisho kabla ya raba inapasuka kwa ndani au inang'oa inaposhikwa.

Fundi kaniambia atoboe tu tundu kwenye pleti apitishe bolti. Inatosha?

Ndo walichonifanyia mimi mara ya kwanza, gereji moja sitaitaja. Pleti ya mm 3, tundu moja, bolti imetoka upande mmoja kama kidole na shokapu imening'inia mwishoni. Bolti yenyewe kichwani haina namba yoyote ya kuonyesha ugumu wake. Nilitoka pale saa nane mchana nimefurahi, nikaenda Goba njia ya vumbi, kurudi nikasikia ko, ko, ko. Bolti ilikuwa imepinda kama ndizi na pleti imeanza kufunguka. Nikarudi, nikaambiwa "boss, barabara ya Goba ni mbaya". Ni kweli ni mbaya. Lakini si ndo barabara tulizonazo?

Bolti ya shokapu ishikwe pande zote mbili, masikio mawili na shokapu katikati. Hapo nguvu inagawana na bolti inataka kukatwa mara mbili kabla ya kukushinda. Tumia M12 yenye maandishi 8.8 au 10.9 kichwani, nati ya kujifunga yenye ile plastiki ndani, na sehemu laini ya bolti ndo ikae kwenye masikio, sio nyuzi.

Chuma cha unene gani, na bomba la kuvukia lazima?

Masikio mm 5 au 6. Bomba mimi nilitumia la kipenyo mm 48 lenye ukuta wa mm 3. Kwenye chesisi usichomelee bomba moja kwa moja, kwasababu bati la hizi gari ni jembamba na lina miaka hamsini, weka kwanza pleti pana ya kusambaza mzigo, pembe zake zizungushwe zisiwe kali, ndo bomba likae juu yake. Na kabla ya yote kwangua uone kama hiyo chesisi ni chuma au ni rangi iliyoshikilia kutu. Gari iliyokaa Kigamboni au Msasani ikipigwa na upepo wa chumvi, ukigonga na bisibisi inaweza ikapita. Hapo shokapu subiri, chesisi kwanza.

Kushikia juu kwenye sakafu ya buti tupu bila bomba, usifanye. Sakafu ile ni ya kubeba spea tairi na kreti ya soda.

Tahadhari za kuchomelea?

Toa tanki la mafuta. Usilifunike na gunia la maji, litoe, na paipu za mafuta zilizo karibu zitoe pia. Chomoa betri. Shokapu zisiwe kwenye gari, cheche moja ikitua kwenye ile fimbo inayong'aa inaacha kipele, na hicho kipele kila kikipita kinakata sili mpaka mafuta yanavuja. Na shokapu za gesi zisikatwe wala kuchomewa kamwe, ndani mna presha.

Kwenye ekseli chomelea vipande vifupi, upande huu kidogo, upande ule kidogo, iache ipoe. Ukiunguza mstari mrefu wa upande mmoja bomba la ekseli linapinda, shafti na beringi zinaanza kula upande. Kama unaweza kutengeneza mabano ya kufunga kwa yubolti badala ya kuchomelea, fanya hivyo. Mimi chini ni ya kufunga, juu ndo ya kuchomelea.

Nikishazihamisha naweza kuweka zile shokapu zenye springi juu yake?

Usiunganishe hizo habari mbili. Shokapu ya kawaida inazuia kudunda tu, uzito wa gari umebebwa na springi za bapa. Ukiweka yenye springi, uzito wa nyuma ya gari unahamia kwenye ile bolti na lile bomba. Hiyo ni hesabu nyingine kabisa, chuma kingine kabisa. Hata zile za kujaza upepo ni hivyohivyo.

Naweza kuzigeuza kichwa chini ili zipishane na eksozi?

Za mirija miwili, ambazo ndo nyingi mtaani, hapana, zitavuta hewa badala ya mafuta. Za mrija mmoja zenye gesi, zinakubali.

Nimeona gari ya Kimarekani shokapu moja mbele ya ekseli, nyingine nyuma. Walikosea?

Hawakukosea. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu ekseli inataka kujizungusha, springi zinajikunja kama herufi S, zinaachia, zinajikunja tena, gari inarukaruka nyuma kama mbuzi. Camaro ya 1968 waliziweka hivyo kwa ajili ya kutuliza huo mruko. Kama gari yako imekuja hivyo, ukisogeza ndani baki na mpangilio huohuo. Kwa A12 yangu, nguvu yenyewe ya kurukaruka haipo.

Wale wa rally walifanyaje na Escort zao?

Escort za kwanza za Ford zilikuja na shokapu za nyuma zimelala, na mafundi wa rally wakawa wanakata sakafu ya buti, wanajenga minara miwili ya chuma, wanazisimamisha wima. Ni gari ya ukoo huohuo iliyoshinda mbio za East African Safari za 1972, Hannu Mikkola na Gunnar Palm ndani. Minara ni kazi nzuri kuliko ya kwangu, sibishi. Ila inakula buti, na mimi Jumamosi naenda sokoni Ilala.

Nina Corolla KE70, hii inanihusu?

Nusu. Nyuma ina springi za koili na fimbo za kushika difu, sio bapa. Mambo ya pembe, urefu na bolti ni yaleyale. Ila cheki kwanza ile fimbo ya pembeni inayozuia difu isiyumbe, bushi zake zikiisha difu linahama na tairi inagusa, mtu anaanza kulaumu shokapu.

Trafiki hawakusumbui? Na bima?

Trafiki wanaangalia tairi kutoka nje ya madigadi, na zangu hazijatoka. Bima nenda mwenyewe ukawaambie umebadilisha nini kabla hujapata ajali, wakuandikie.

Shilingi ngapi?

Chuma ni cha kilo chache, fundi inategemea na mnavyojuana. Kilichoniuma ni kulipa mara mbili.

Nikimaliza nicheki nini?

Baada ya kilomita kama 50 rudi kwenye kila bolti na spana, hasa yubolti, zinalegea zikishakaa. Piga tochi pembeni mwa kila weldi uangalie ufa mwembamba kama unywele, rangi nyeupe inasaidia, ufa unaonekana haraka, ndo maana mabano yangu ni meupe na watu wananicheka. Gusa shokapu zote mbili kwa mkono baada ya safari ya vumbi, ziwe na joto linalokaribiana. Moja ikiwa ya baridi, hiyo haifanyi kazi.

Na rudisha zile sabuni. Za kwangu ziko pale mpaka leo, masika yote imezilainisha kidogo ila hakuna iliyokwanguliwa.